Bampa limepasuka, eksesi ni 250,000: nidai bima au nilipe mwenyewe?

"Mimi ni mwalimu, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Nina Toyota IST yenye bima kubwa. Wiki iliyopita, mvua ikinyesha, nilikuwa natoka Kirumba naelekea mjini. Karibu na Furahisha bajaji iliyokuwa mbele yangu ilifunga breki ghafla ishushe abiria, nikaigonga kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Bajaji ilipasuka taa na chuma chake cha nyuma kikapinda. Nilimpa yule kijana shilingi 40,000 tukaachana kwa amani, polisi hatukwenda. Kwangu bampa la mbele limepasuka, taa ya kushoto imevunjika kishikizo kimoja na fenda imebonyea kidogo. Fundi ameangalia akasema kila kitu ni 380,000. Kwenye mkataba gari lina thamani ya 14,000,000, ada ni 490,000 kabla ya VAT na kabla ya punguzo. Nina miaka miwili bila kudai, kwa hiyo mwaka huu nimepunguziwa asilimia 20, na wakala alisema mwakani itakuwa 30. Eksesi, ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai, isiyopungua 250,000. Mume wangu anasema tudai, tumelipa bima muda wote huo bila kula chochote. Mwalimu mwenzangu anasema ukidai mara moja tu ada inapandishwa maradufu na kampuni nyingine hazikupokei. Fundi naye yuko tayari kuandika 900,000 ili eksesi 'ijilipe yenyewe'. Nifanyeje?"

Pole na msukosuko, Mwalimu, na heri hakuna aliyeumia. Umenirahisishia kazi kwa kuandika namba za mkataba wako. Wengi wanaoniuliza swali hili hawajui hata eksesi yao ni kiasi gani, na bila namba hiyo hakuna mtaalamu anayeweza kukujibu. Atakachokupa ni maoni tu kama ya jirani.

Nikikuelewa vizuri, unajiuliza kama dai hili lina faida au litakuletea hasara baadaye. Nitalijibu kwa hesabu. Lakini kuna mambo mawili hukuyauliza ambayo kwangu yana uzito kuliko hiyo 380,000: yule kijana wa bajaji uliyeachana naye bila karatasi, na hilo bampa ambalo bado hakuna aliyelifungua kuona nyuma yake kuna nini.

Nianze na mzee wa nyumba. Hoja yake ndiyo ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na naielewa. Lakini bima si kikoba, kwamba umechangia miezi yote na sasa zamu yako ya kupokea imefika. Ada uliyolipa mwaka jana ilinunua ulinzi wa mwaka jana. Kama gari lingeteketea au kuibwa Desemba, kampuni ingelipa mamilioni. Halikuteketea, mwaka ukaisha, na hakuna akiba iliyobaki kwa jina lako inayosubiri uje uichukue. Kwa hiyo "tumelipa muda wote" haiwezi kuwa sababu ya kudai. Sababu ni moja: kwamba dai hili, ukitoa kila litakachokugharimu, linakuacha na fedha mfukoni.

Mwalimu mwenzako naye ana chembe ya ukweli aliyoikuza mno. Kwa dai moja dogo, ada ya msingi kwa kawaida haipandi maradufu. Unachopoteza ni punguzo la kutodai, lote au ngazi kadhaa kulingana na mkataba, na kwa kuwa ulishazoea kulipa bei iliyopunguzwa, kurudi kwenye bei kamili unakuhisi kama kupandishiwa. Kampuni kukataa mteja hutokea kwa mtu mwenye madai ya mfululizo au aliyedanganya. Ukihamia kampuni nyingine, fomu ya maombi itakuuliza kama umewahi kupata ajali au kudai, nawe utajibu ukweli, kwa sababu bima inasimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili na jibu la uongo kwenye fomu linaweza kuja kubatilisha dai kubwa siku unayolihitaji kweli.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, punguzo hilo linaweza kuguswa hata kama kosa si lako. Limeitwa la kutodai, halikuitwa la kutokosea. Kampuni ikilipa kupitia mkataba wako na isifanikiwe kurudisha fedha hizo kutoka kwa aliyesababisha, dai linabaki kwenye kumbukumbu zako. Ndiyo maana mtu akikugonga wewe, njia bora kwa uharibifu mdogo ni kudai moja kwa moja kwenye bima yake. Hata ile bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani awe nayo, kazi yake ni kulipa hasara ya mtu mwingine. Namba ya usajili wa chombo inatosha kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kama bima yake ni hai.

Kwa bahati mbaya njia hiyo haikuhusu safari hii. Najua bajaji ilisimama ghafla, na yeyote anayeendesha hapa Mwanza anajua zinavyosimama. Lakini anayegonga kwa nyuma ndiye anayebebeshwa lawama karibu kila mara, kwa kuwa ndiye aliyetakiwa kuacha nafasi ya kutosha kusimama, na mvua inamtaka aongeze nafasi hiyo. Usijenge mpango wowote juu ya matumaini kwamba bajaji itakulipa.

Sasa hesabu. Chukua makadirio ya fundi kama yalivyo, 380,000. Asilimia 10 yake ni 38,000, lakini mkataba umesema isipungue 250,000, kwa hiyo hiyo ndiyo utakayoibeba mwenyewe. Kampuni italipa 130,000 iliyobaki. Hicho ndicho unachokipata kwa kufungua dai: laki moja na thelathini, na si laki tatu na themanini. Watu wengi husahau hatua hii, wanalinganisha gharama yote ya gereji na punguzo wanalopoteza, na dai linaonekana tamu kuliko lilivyo.

Upande wa pili, mwakani bila dai ungepunguziwa asilimia 30 ya 490,000, ambayo ni 147,000. Punguzo likifutwa lote, unalipa hizo 147,000 zaidi, bila kuhesabu VAT inayokaa juu yake. Yaani mwaka mmoja tu umeshameza ile 130,000 na kubakiza kiu. Na haliishii hapo, kwa sababu utaanza kupanda ngazi upya. Kama kwenye mkataba wako punguzo linagota asilimia 30, utakosa 30, kisha 20, kisha 10 kabla hujafika pale ambapo ungekuwa: jumla asilimia 60, shilingi 294,000. Kama ngazi zinaendelea hadi 50, pengo linabaki asilimia 30 kila mwaka, na kwa miaka mitatu ya mwanzo ni 441,000. Nimeacha thamani ya gari palepale ili hesabu isitusumbue. Gari likishuka thamani ada nayo inashuka, na tofauti hizi zinapungua kidogo.

Jumlisha eksesi na punguzo utakalopoteza, utapata mstari wako. 250,000 na 294,000 ni 544,000. 250,000 na 441,000 ni 691,000. Kwa mkataba huu ulionao, uharibifu ulio chini ya laki tano na nusu haustahili dai. Ulio juu ya laki saba unastahili. Katikati hapo sina jibu la moja kwa moja, inategemea hali ya mfuko wako mwezi huu. Aliyebanwa na ada za shule anaweza kuwa na haki kabisa ya kuchukua fedha ya leo na kulipa kidogo kidogo baadaye. Tena hesabu yangu inachukulia kwamba hutadai kitu kingine miaka hiyo. Ukipata ajali kubwa mwakani, punguzo lingekwenda hata hivyo, na utakuwa umejibana kulitunza bure. Hilo hakuna awezaye kulitabiri.

Kwa 380,000, basi, lipa mwenyewe. Lakini je, ni 380,000 kweli?

Hapa ndipo ningekuwa mgumu kama ungekuwa umekaa mbele yangu. Fundi wako ameangalia gari kwa nje. Bampa la IST ni plastiki, linapasuka au linarudi umbo lake na kuficha yaliyo nyuma. Nyuma ya bampa kuna chuma cha kupokea kishindo, fremu inayoshika rejeta na taa, na mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC ambayo ni nyembamba na haipendi kuguswa. Umesema kishikizo cha taa kimevunjika na fenda imebonyea, na hivyo viwili kwa pamoja vinaniambia kwamba kishindo kilipitia kwenye kona, na kona ndiyo inayovuta fremu ya mbele. Inawezekana hakuna kitu. Inawezekana pia fremu imesogea kidogo na taa mpya ikifungwa itakaa upande. Hilo utalijua tu bampa likifunguliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, bampa lifunguliwe, wewe ukiwepo, na kila kitu kipigwe picha kabla hakijaguswa. Kufungua kwa kukagua ni sawa. Kunyoosha, kupiga puti na rangi, au kutupa vipande vilivyovunjika, hayo usiyafanye bado, kwa sababu kampuni ina haki ya kumtuma mkadiriaji hasara aone uharibifu wenyewe, na ukitengeneza kwanza halafu ukadai, mara nyingi unajibiwa kwamba hakuna cha kukagua. Mwambie pia fundi aandike makadirio kipengele kwa kipengele: spea gani, mpya au used, kazi ya bodi kiasi gani, rangi kiasi gani. "Kila kitu 380,000" ni bei ya kirafiki, haiwezi kukusaidia kuamua. Taa used iliyotoka Japani na taa mpya bei zake hazikaribiani, na hiyo peke yake inaweza kukuvusha upande mmoja wa mstari au mwingine.

Tuseme likifunguliwa inaonekana kondensa imetoboka na fremu inahitaji kuvutwa, na makadirio ya kweli yanafika 850,000. Hapo kampuni inalipa 600,000, wewe unapoteza kati ya 294,000 na 441,000 za punguzo, na dai linakuacha mbele kwa laki moja na nusu hadi laki tatu. Ajali ni ileile, bampa ni lilelile, jibu limegeuka. Ndiyo sababu sitaki uamue leo kwa namba ya kukisia.

Lakini kuna kitu kimoja kisichosubiri, nacho ni kutoa taarifa. Watu huchanganya kutoa taarifa na kudai. Mikataba ya bima ya magari inakutaka uijulishe kampuni mapema kila inapotokea ajali inayoweza kuzaa dai, lako au la mtu mwingine. Unaweza kuandika: tarehe fulani, mahali fulani, niligonga bajaji, uharibifu unaonekana mdogo, kwa sasa sidai chochote, nawajulisha tu. Kinachofuta punguzo kwa kawaida ni dai, si taarifa tupu, ila muulize wakala wako jambo hilo kwa maandishi kabla hujatuma, maana kila kampuni ina utaratibu wake wa kufungua majalada. Wiki nzima imeshapita. Kila siku inayoongezeka inampa mtu wa madai sentensi moja ya kukukatalia nayo.

Na hapa tunarudi kwa kijana wa bajaji. Ulimlipa kwa moyo mzuri, na kwenye barabara zetu mambo madogo huisha hivyo kila siku, mvua inanyesha, watu wanapiga honi nyuma, nani atasimama kusubiri trafiki. Sikulaumu. Lakini ujue ulivyo sasa. Huna karatasi inayoonyesha kwamba amepokea 40,000 na kwamba yamekwisha. Abiria aliyeshuka humjui. Kesho kutwa mwenye bajaji, ambaye huenda si yule dereva, anaweza kusema chuma cha nyuma kinahitaji laki mbili na dereva hakumpa kitu. Au mtu akaanza kulalamika mgongo. Bima yako ina sehemu inayobeba madai ya watu wengine dhidi yako, na hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko bampa, lakini inakulinda vizuri pale kampuni inapokuwa na habari tangu mwanzo. Mikataba mingi pia inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa ile 40,000.

Kama una namba yake ya simu, mtafute. Andikeni karatasi fupi: tarehe, mahali, namba za vyombo vyote viwili, kiasi alichopokea, na kwamba kimemaliza madai ya uharibifu wa bajaji. Mwenye bajaji asaini, si dereva peke yake, na shahidi mmoja kila upande. Kama ulimlipa kwa simu, usifute ule ujumbe wa muamala. Karatasi hiyo haizuii kila kitu, na kwa majeraha ya mwili usiitegemee kabisa, lakini inamaliza maneno mengi.

Kuhusu polisi, Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva aliyesababisha uharibifu wa mali ya mwingine asimame, atoe taarifa zake, na ajali iripotiwe. Ukiamua kudai, kampuni itakuomba ripoti ya polisi na ya ukaguzi wa gari, zile fomu ambazo utasikia wakiziita PF 90 na PF 93, na mchoro wa eneo la ajali. Kwenda kituoni baada ya siku kadhaa inawezekana, ila jiandae kueleza kwa nini hukwenda siku ileile, na inawezekana ukaandikiwa faini kwa kugonga kwa nyuma. Iingize kwenye hesabu. Usibadilishe tarehe ya ajali ili ionekane ya jana. Nimeona madai mazuri kabisa yakifa kwa uongo mdogo wa namna hiyo, uongo ambao haukuhitajika.

Na tukigusa uongo, huyu fundi. Ofa yake ya 900,000 ikatae, na kama ningekuwa wewe ningetafuta fundi mwingine. Ni udanganyifu, ni kosa la jinai, na mkadiriaji hasara anajua bei ya bampa la IST pengine kuliko yeye. Akigundua, kampuni ina sababu ya kukataa dai zima, hata ile sehemu ya kweli. Angalia pia nani anafaidi. 900,000 ukitoa eksesi ni 650,000. Kazi ni 380,000. Kuna 270,000 inayoelea hapo, na sioni mahali aliposema kwamba ni yako. Jina litakalokuwa kwenye fomu ya dai, lenye saini, litakuwa lako peke yako.

Kuna wazo jingine ambalo hukulitaja lakini huwa linawajia watu wakishaona eksesi inakula sehemu kubwa: niache hivi hivi, nikipata mkwaruzo mwingine nidai vyote pamoja. Haifanyi kazi. Kila ajali ni dai lake na eksesi yake. Tena ni hatari. Ukigonga tena upande uleule wakati hili halijatengenezwa, mkadiriaji ataona kutu na ufa wa zamani, atakata thamani ya uharibifu uliokuwepo, na pengine atatilia shaka uliobaki. Kwa hiyo ukilipa mwenyewe, tengeneza kweli, tunza risiti za spea na kazi, piga picha gari likiwa limekamilika. Fenda ni bati, ilipochubuka rangi maji yanaingia, na mvua za huku hazingoji mshahara. Hata kama bampa litasubiri mwezi, hiyo fenda ipigwe angalau praima mapema.

Kama utaishia kudai, uliza mambo matatu ambayo huwa yanapunguza malipo bila mteja kutegemea. La kwanza ni thamani ya gari. Kama IST yako sokoni leo ni 18,000,000 na umeikatia 14,000,000, na mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni inaweza kusema umelipia bima ya sehemu tu ya gari na ikalipa sehemu hiyohiyo ya hasara. La pili ni spea mpya: ukiwekewa taa mpya badala ya ya miaka kumi na tano, unaweza kutakiwa kuchangia ile nafuu uliyoipata. La tatu ni gereji. Kampuni nyingi hulipa gereji iliyo kwenye orodha yao, si fundi wako wa mtaani, na gari linaweza kukaa huko likisubiri idhini na spea. Kwa mtu anayetoka Buhongwa asubuhi na watoto, siku hizo za daladala na bodaboda ni gharama, ziandike nazo kwenye karatasi yako ya hesabu. Na kama gari lina mkopo wa benki, soma masharti ya mkopo. Benki nyingine zinataka kujulishwa kila ajali, na hapo uamuzi wa kukaa kimya si wako peke yako.

Ukikatia bima upya, ulizia pia gharama ya kupunguza eksesi kwa kuongeza ada. Kwa wengine inafaa. Kwako, mwenye historia safi na gari la bei ya kati, nadhani ni bora ubaki na eksesi hii na utenge hizo 250,000 mahali usipozigusa, maana ndicho kiasi ambacho kampuni imeshakwambia haitakusaidia.

Kuna hali zinazofuta hesabu yote hii. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye ile bajaji akianza kulalamika maumivu, hata kidogo, usijadiliane naye bei kwenye simu. Polisi wamwandikie PF3, ile fomu ya matibabu, aende hospitali, Sekou Toure au Bugando, na kampuni ijue siku hiyohiyo. Ukipokea barua ya wakili au wito wa mahakama, usiujibu mwenyewe, upeleke kwa kampuni yako ulivyo na utafute mwanasheria wa kukueleza haki zako. Gari likivuta upande mmoja, likivuja maji ya rejeta, taa ya airbag ikiwaka kwenye dashibodi au taa kubwa ikimulika juu ya miti, usiliendeshe likisubiri uamuzi wa bima. Na kama utadai kihalali halafu kampuni ikakuzungusha, andika malalamiko kwao kwanza. Wasipojibu, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya kesi kama hizo.

Kwa wiki hii, Mwalimu: kesho mwandikie wakala umuulize kuhusu taarifa isiyo dai, na akijibu, tuma taarifa. Jumamosi simama na fundi mwaminifu bampa lifunguliwe. Namba ikibaki chini ya laki tano na nusu, lipa, tunza risiti, endelea kupanda ngazi zako za punguzo. Ikivuka laki saba, nenda polisi kisha tawini ukiwa na mkataba, leseni, kadi ya gari, picha na makadirio yaliyochanganuliwa, na kabla hujasaini fomu yoyote muulize afisa wa madai: punguzo langu litashuka hadi asilimia ngapi nikilipwa hili? Akikujibu kwa mdomo, mwombe aliandike.